SOLOMON NORTHUP NA TENGA LA PAMBA

 Katika ukurasa huu wa mashuhuri waliotangulia mbele ya haki nimepewa nafasi mimi, nami nimeamua kuvuka bahari mpaka Marekani. Mtu niliyemchagua anaitwa Solomon Northup. Wengi wenu mmemwona kwenye filamu, ila mkitoka pale jina mnalotaja ni la Lupita wetu tu, na siwalaumu! Basi leo hebu tumtazame mzee mwenyewe. Maisha yake ni marefu, kwa hivyo nitayashika kwa mpini mmoja, nao ni tenga la kuchumia pamba. Kitabu chake kina mijeledi, kamba na mbwa wakali, lakini kilichonikaa mimi kichwani na kugoma kutoka ni ile mizani ya jioni.

Kwanza fahamuni kwamba Solomon hakuzaliwa mtumwa. Alizaliwa Minerva, katika jimbo la New York, mwezi wa Julai 1808 kwa kauli yake mwenyewe. Aliyekuwa mtumwa ni baba yake, Mintus. Bwana wa Mintus alikuwa mtu wa ukoo wa Northup, na alipofariki aliacha wosia kwamba Mintus awe huru, naye Mintus akalichukua jina la ukoo ule likawa lake. Akalima, akahangaika, mwishowe akapata mali ya kutosha kumpa haki ya kupiga kura, jambo ambalo kwa mtu mweusi wa zama zile halikuwa la mchezo. Watoto wake akawasomesha. Huko kusoma na kuandika mkuweke akilini, tutakuhitaji mbele.

Solomon akainukia kuwa kijana wa kazi. Alifanya vibarua kwenye mfereji wa Champlain, akasafirisha magogo kwa chelezo, akalima mahindi, akaendesha gari la farasi. Fauka ya hayo alikuwa bingwa wa kupiga fidla, na hapakuwa na ngoma ya vijana katika vijiji vile bila yeye kuitwa. Akamwoa Anne Hampton, mpishi hodari, wakajaliwa watoto watatu: Elizabeth, Margaret na Alonzo. Mnamo 1834 jamaa hii ikahamia mji wa Saratoga Springs, ambako matajiri walikuwa wakija wakati wa joto kunywa maji ya chemchemi. Bibi anapika hotelini, bwana anapiga fidla kwenye karamu. Hawakuwa matajiri, lakini walikula na kuvaa, na hawakuamkia mtu kwa jina la bwana wangu.

Mwishoni mwa Machi 1841, Anne akiwa amekwenda kupika katika mji mwingine, Solomon alikutana na wanaume wawili waliovaa wakapendeza, eti ni watu wa sarakasi. Walitaka mpiga fidla. Wakamwahidi dola moja kwa siku, na dola tatu zaidi kila usiku atakaopiga. Jamani, nani angekataa? Solomon hakumwachia mkewe hata kijibarua, maana alidhani atarudi kabla yake. Wakampeleka New York, kisha Washington, na njiani wakamshauri achukue karatasi za kuthibitisha kwamba ni mtu huru, kwani huko waendako utumwa uliruhusiwa. Ujanja wa kupindukia! Walifika Washington wakati wa mazishi ya Rais William Henry Harrison. Siku hiyo wakamnywesha vinywaji, usiku kichwa kikamuuma kama kinapasuliwa kwa shoka, akapoteza fahamu. Alipozinduka alikuwa gizani, pingu mikononi, mnyororo mguuni umefungwa sakafuni. Karatasi mfukoni hazipo.

Aliyekuja kufungua mlango ni mfanyabiashara wa watumwa aliyeitwa James Birch. Solomon akasema yeye ni mtu huru wa New York. Birch akampiga kwa ubao mpaka ubao ukavunjika, akashika kamba, na kila akipumzika alimuuliza kama bado anadai uhuru. Na bunge la nchi hiyo, lile ambalo wakubwa walilisimulia kila siku habari za uhuru wa binadamu, lilionekana kutoka kwenye jengo lile la kufungia watu.

Msomaji atauliza, kwa nini mtu aibwe hivi mchana kweupe? Jibu liko kwenye pamba. Mwaka 1793 Eli Whitney alibuni mashine ya kutenganisha pamba na mbegu zake. Kabla ya hapo mtu alikuwa akishinda siku nzima ili apate kama ratili moja ya pamba safi ya aina iliyomea bara. Mashine ikaja, kazi ya wiki ikawa ya saa chache, na viwanda vya Uingereza vilikuwa na njaa ya pamba isiyoshiba. Wenye mashamba wakazidi kulima, wakasonga magharibi hadi Alabama, Mississippi na Louisiana. Watu waliokuwa watumwa Marekani mwaka 1790 walikuwa kama 700,000. Kufika 1860 walikaribia 4,000,000. Kuingiza watumwa kutoka ng'ambo kulipigwa marufuku kuanzia 1808, kwa hivyo bei ya mtu ikapanda, na wezi wa watu wakapata soko. Sasa angalieni jambo moja. Ile mashine ilijua kuchambua, lakini kuchuma haikujua ng'o! Kuchuma kulibaki kazi ya vidole vya binadamu mpaka karne ya 20. Kati ya kidole na mashine palikuwa na kitu kimoja tu cha kubebea, nacho ni tenga.

Solomon alisafirishwa kwa meli hadi New Orleans. Huko akaitwa Platt. Jina la Solomon Northup likafutwa kama chaki ubaoni, naye alikuwa amekwisha kuonywa kwa ubao wa Birch asilitamke. Aliugua ndui akaponea chupuchupu, kisha akanunuliwa kwa dola 1,000 na William Ford, mhubiri aliyekuwa na shamba la miti na mbao karibu na Red River. Northup mwenyewe amemsifu Ford kwa upole wake. Mimi naona upole wa mtu anayekununua una mpaka wake, maana deni lilipombana Ford, alimuuza Solomon kwa seremala mmoja mkorofi aliyeitwa Tibaut. Huyo alitaka kumnyonga kwa sababu ya misumari tu! Solomon alisimama siku nzima juani, kamba shingoni, mikono imefungwa. Mara nyingine ilimbidi akimbie kupitia kwenye vinamasi vyenye nyoka na mamba, mbwa wakimfuata nyuma. Hayo yote nayapita upesi upesi, kwa sababu mwezi wa Aprili 1843 aliuzwa tena, kwa Edwin Epps, na hapo ndipo alipokaa miaka kumi. Epps alikuwa mlevi wa kutupwa, na shamba lake lilikuwa la pamba.

Sasa njooni tulitazame tenga lenyewe.

Kusini mwa Marekani matenga mengi ya pamba yalisukwa kwa mti wa mwaloni mweupe. Asidhani mtu kwamba yalitoka dukani. Watumwa ndio waliosuka, mara nyingi wazee ambao mgongo ulikuwa umekataa kuinama shambani, au watu wazima siku za mvua na baridi. Msusi alichagua mti mchanga, mnyoofu, usio na vifundo. Akaupasua katikati, akapasua tena robo, kisha akaendelea kuupasua kwa kufuata zile duara za ukuaji wa mti, mpaka akapata vipande virefu vyembamba kama mkanda. Hivyo akavikwangua kwa kisu na kuviloweka majini vilainike. Alianza na kitako, kipande juu, kipande chini, kama mkeka. Vile vya kusimama akavikunja kuwa mbavu za tenga, akazungusha vingine mpaka juu, mwisho akafunga mdomo kwa pete ya mti uliopindwa. Mwaloni ukikauka hubana kama mfupa. Wenzangu wanaotoka Ukambani na Murang'a msifikirie kiondo hapa. Kiondo cha mkonge hulegea ukikiweka chini, lakini tenga la pamba lilisimama wima hata likiwa tupu, na likavumilia kukanyagiwa pamba ndani yake, kuburutwa na kubebwa msimu baada ya msimu.

Ni kazi ya ufundi, na nakiri kwamba kwa macho ni kitu cha kupendeza. Yapo yaliyobaki katika majumba ya makumbusho. Lakini mtu aliyesuka alikuwa anasuka kipimo cha mwenzake.

Northup ameeleza kazi yenyewe vizuri kiasi kwamba ungeweza kuifanya. Kuchuma kulianza mwishoni mwa Agosti. Kila mtu alipewa gunia lenye mkanda wa kupita shingoni, mdomo wa gunia ukiwa usawa wa kifua na kitako kikikaribia ardhi. Pia alipewa tenga kubwa la kuingia kiasi cha mapipa mawili, akaliweka mwanzoni mwa mstari wake. Gunia likijaa, alirudi kulimwaga kwenye tenga, akaikanyaga pamba ishuke, akaenda tena. Walikuwa shambani tangu alfajiri macho yanapoanza kuona. Adhuhuri walipewa dakika kumi au kumi na tano za kumeza kipande cha nyama baridi ya nguruwe, basi. Hawakusimama mpaka giza liwafiche, na mbalamwezi ikiwaka, waliendelea hadi usiku wa manane. Pamba nayo si tunda la kuvuta tu. Vitumba vyake vikikauka vina ncha zinazochoma vidole, na tawi likivunjika halitoi tena ua, kwa hivyo kuvunja tawi lilikuwa kosa.

Usiku ndio mizani. Matenga yalibebwa hadi nyumba ya mashine, yakapimwa moja moja kwa mwanga wa mshumaa. Kiwango cha kawaida kilikuwa ratili 200, yaani kama kilo 90. Ukipungukiwa, viboko. Ukizidisha ratili kumi au ishirini, usifurahi, maana kesho hiyo ndiyo itakuwa kiasi chako! Northup anasema kwamba hata mtu achoke vipi, hakuna aliyeikaribia nyumba ile na tenga lake bila moyo kumdunda, kwa sababu likiwa jepesi ataumia leo, na likiwa zito ataumia kesho. Walimu wetu wa hesabu watuambie mtu hapo atafute wastani gani.

Wapo watumwa katika mashamba mbalimbali waliojaribu kuidanganya mizani, wakatia jiwe au udongo chini ya pamba, na aliyegunduliwa aliona cha mtema kuni. Mabwana nao walikuwa na madaftari. Mwishoni mwa miaka ya 1840 Thomas Affleck wa Mississippi alikuwa anachapisha daftari maalum la wenye mashamba, lenye kurasa za kuandika jina la kila mtumwa na ratili alizochuma kila siku ya juma. Wenzetu waliowahi kuchuma majani chai kule Kericho au Kiambu, kikapu mgongoni, wanajua jinsi macho yanavyokodolea mzani jioni. Mzani wa kwetu angalau mwisho wake ni shilingi, ziwe chache zilivyo.

Na baada ya kupimwa siku haijaisha. Kuna baghala wa kulishwa, nguruwe, kuni za kupasuliwa. Kisha mtu arudi kibandani, awashe moto, asage mahindi yake kwa kinu kidogo cha mkono, apike chakula cha usiku na cha kesho shambani. Kitanda cha Northup kilikuwa ubao wa upana wa inchi kumi na mbili, mto wake kipande cha gogo. Hofu ya usiku ilikuwa kuchelewa kuamka, kwani hilo nalo lilikuwa na viboko vyake.

Viboko vyenyewe vilikuwa na orodha kama bei za dukani. Ishirini na vitano vilihesabiwa kama kumpangusa mtu vumbi tu, kwa mfano jani kavu likionekana ndani ya pamba. Hamsini kwa makosa ya ngazi ya juu kidogo. Mia kwa kusimama bila kazi shambani. Mtoro alipata mia tano, mbali na meno ya mbwa.

Je, Solomon mwenyewe alichuma kiasi gani? Hapa ndipo nilipocheka kidogo, ingawa si mahali pa kucheka. Mzee alikuwa hafifu! Mikono iliyozoea fidla na shoka haikuweza kazi ile kabisa. Ilimbidi ashike kitumba kwa mkono mmoja na kuchomoa pamba kwa mwingine, na gunia linayumba huku na huku likivunja matawi. Siku yake ya kwanza, akiwa ametoka kuugua, tenga lake lilikuwa na ratili 95, hata nusu ya kipimo haikufika. Epps alimsamehe siku hiyo kwa sababu ni mgeni. Siku zilizofuata hakusamehewa. Mwishowe Epps akaona ni hasara, akampa kazi nyingine: kukata kuni, kuvuta pamba kupeleka kwenye mashine, useremala.

Aliyekuwa malkia wa shamba lile ni msichana aliyeitwa Patsey. Yeye alichuma kwa mikono miwili pamoja, vidole vinaruka kama umeme, na tenga lake lilifika ratili 500 kwa siku. Mia tano! Hizo ni kilo 227, zaidi ya magunia mawili ya mahindi ya kwetu, na pamba ni nyepesi kama pumzi. Mngedhani basi kwamba Patsey aliachwa kwa amani. Wapi! Epps alimtamani na kumnajisi, mke wa Epps akamchukia kwa ajili hiyo, na mgongo wake ukawa na makovu kuliko wa yeyote. Wengine walipigwa kwa kuchuma kidogo, naye alipigwa ingawa alichuma kuliko wote. Jumapili moja alikwenda kwa jirani kuomba sabuni, kwa sababu mke wa Epps alimnyima, na nguo alikuwa anataka kufua. Epps akamfunga kwenye vigingi vinne, uso chini, akamlazimisha Solomon ampige. Solomon akapiga zaidi ya mara thelathini, kisha akatupa mjeledi na kukataa liwe liwalo. Epps akauokota akaendelea mwenyewe. Northup anasema tangu siku hiyo Patsey hakuwa yule yule mchangamfu.

Mtaniuliza ilikuwaje Solomon awe na mjeledi. Ni kwamba Epps alikuwa amemfanya nyapara, mjeledi shingoni, na kama hakuutumia angeuonja yeye. Hapo fundi wa fidla akajifundisha ufundi mwingine. Alifanya mazoezi mpaka akaweza kuupitisha mjeledi unywele mmoja tu kutoka mgongoni, sikioni au puani mwa mtu bila kumgusa. Epps akiwa mbali anatazama, wenzake walijinyonganyonga na kupiga mayowe kama wanakufa. Wote walijua siri na hakuna aliyeitoa. Katika kitabu kizima hakuna mahali ninapopapenda kuliko hapa.

Miaka hiyo kumi Solomon hakuthubutu kuonekana na Epps akiwa na kitabu wala kalamu. Mtumwa anayesoma alikuwa hatari. Alipopata karatasi moja kwa siri, alitengeneza wino kwa kuchemsha maganda ya mti, akachonga kalamu kwa unyoya wa bata, akaandika barua usiku. Mzungu mmoja maskini aliyeajiriwa shambani akakubali kuipeleka posta, kisha akaenda kumchongea kwa Epps. Solomon akaruka mita mia, akakana kwamba hana karatasi, hana wino, hana wa kumwandikia, na Epps akamwamini. Barua aliitia motoni kwa mikono yake.

Mwaka 1852 Epps alikuwa anajenga nyumba mpya, na kati ya maseremala alikuwapo Samuel Bass, mzaliwa wa Kanada, mtu wa maneno mengi asiyeogopa kumwambia Epps usoni kwamba utumwa ni dhuluma. Solomon akamchunguza siku nyingi. Mwishowe akamwambia jina lake halisi. Fikirini: jina ambalo hakulitamka mbele ya Mzungu yeyote wa kule kwa miaka mingi! Bass akaandika barua kwenda Saratoga, tarehe 15 Agosti 1852. Majibu hayakuja. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Kumbe barua ilifika, ikapelekwa kwa Anne, naye Anne akaipeleka kwa wakili Henry B. Northup, wa ukoo ule ule uliokuwa umemmiliki Mintus. New York ilikuwa na sheria ya 1840 ya kuwakomboa raia wake waliotekwa na kuuzwa. Wakili akafunga safari mpaka Louisiana. Alipofika akapata tabu mpya, kwani hakuna aliyemjua mtu aitwaye Solomon Northup. Hapo alikuwepo Platt tu. Bahati nzuri akakutana na Bass, naye akamwonyesha njia.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 3 Januari 1853, Solomon na wenzake walikuwa shambani wakichuma pamba ya mwisho ya msimu. Kulikuwa na baridi, vidole vimekufa ganzi, na Epps alikuwa amekwisha kuja kuwatukana kwa kuchuma polepole, akarudi nyumbani kuchukua mjeledi. Badala ya Epps likaja gari la farasi. Akashuka afisa wa serikali akimtafuta Platt, akaanza kumuuliza maswali ya ajabu: majina ya watoto wake, na nani aliyemfungisha ndoa. Solomon akijibu, macho yake yakavuka bega la afisa, akamwona Henry Northup amesimama kule. Machozi yakamtoka. Akaitwa Solomon mbele ya watu, na magunia na matenga yao yapo pale pale mistarini.

Siku ya kuondoka Patsey alimkumbatia akilia, kwa sababu anakwenda kwenye uhuru na yeye anabaki. Gari lilipoondoka Solomon aligeuka nyuma akamwona binti yule kichwa kimeinama, nusu ameketi chini. Gari likakata kona. Kutoka hapo historia haina habari za hakika za Patsey tena.

Solomon alifika nyumbani mwezi huo huo. Margaret, aliyemwacha na miaka saba, hakumtambua. Alikuwa ameolewa na ana mtoto wa kiume, na mtoto yule alipewa jina la babu yake, Solomon. Mnaona? Huku Louisiana jina limefutwa, kule nyumbani wamelitunza.

Haki ya mahakama hakuipata. Birch alishtakiwa Washington, lakini sheria ya huko haikumruhusu mtu mweusi kutoa ushahidi dhidi ya Mzungu, kwa hivyo Birch akatoka akitabasamu. Wale wawili wa sarakasi walikamatwa 1854 huko New York. Kesi ikavutwa mpaka 1857 ikatupwa. Kwa miaka 12 ya jasho hakulipwa hata senti.

Alicholipiza ni kitabu. Katika mwaka ule ule wa 1853, akisaidiwa na wakili David Wilson, alichapisha habari zake zote, na zikauzwa nakala kama 30,000. Humo ndimo mlimo majina, tarehe, upana wa ubao wa kulalia, kipimo cha tenga na ratili zake. Alizunguka akihutubia watu dhidi ya utumwa. Baada ya 1857 anapotea kabisa katika kumbukumbu. Kaburi lake halijulikani liliko. Utumwa ulifutwa Marekani nzima mwezi wa Desemba 1865.

Kitabu nacho kikasahauliwa, mpaka msichana mmoja wa Louisiana, Sue Eakin, alipokikuta akiwa na umri wa miaka 12 tu, mdogo kuliko wengi wetu hapa. Hakukiacha tena. Akawa mwanahistoria, akafuatilia kila jina na kila tarehe, na mwaka 1968 yeye na Joseph Logsdon wakakitoa upya pamoja na uthibitisho kwamba mzee alisema kweli. Kutokana na hicho Steve McQueen akatengeneza filamu mwaka 2013. Aliyeigiza nafasi ya Patsey ni Lupita Nyong'o, binti aliyelelewa hapa Kenya, na tarehe 2 Machi 2014 akatunukiwa tuzo ya Oscar kwa nafasi hiyo. Pale jukwaani alimkumbuka Patsey kwa jina.

Ile nyumba aliyoijengea Epps pamoja na Bass bado ipo. Ilihamishwa kutoka shambani ikapelekwa kwenye uwanja wa chuo kikuu karibu na Alexandria, Louisiana. Ni nyumba ndogo ya mbao, yenye baraza mbele.